Vyombo ni vya nani?

Bendi ikivunjika Kampala, mashabiki huuliza mwimbaji kaenda wapi. Wapiga muziki huuliza jingine kabisa: vyombo vilikuwa vya nani? Wanajua kwamba jibu ndilo litakaloamua nani ataonekana jukwaani Ijumaa ijayo, na nani atakuwa anazunguka na simu mkononi akitafuta bendi ya kumpokea. Tunapomwona mzee aliyepiga besi kwa miaka 40 akiishi kwa kubahatisha, tunasema pombe, tunasema wanawake, tunasema hakujipanga. Huenda yote hayo yamo. Lakini anza na vyombo, utaona mengi yanajieleza yenyewe.

Milango ya kuingilia kazi hii haijabadilika sana. Upo mlango wa matarumbeta: bendi za shule, za parokia, na za vituo vya watoto kama M-Lisada, kilichoanzishwa mwaka 1996 na vijana waliotoka mitaani Kampala. Upo mlango wa makanisa ya kilokole, ambako sasa hutoka wapiga kinanda na dramu wengi wa mjini. Kanisa halina uchawi wowote, ila lina vyombo vyake, lina umeme, na lina mazoezi kila wiki. Mlango wa tatu ndio wa zamani zaidi, nao ni wa kubeba.

Mbebaji hufika ukumbini saa kumi alasiri. Hushusha spika, hukaza ngozi za dramu, hukunja nyaya. Hata kukunja nyaya ni somo: waya ukiuzungusha kwenye kiwiko unajisokota ndani, nyuzi za shaba zinakatika karibu na plagi, na wiki ijayo gitaa linanguruma bila sauti. Unatakiwa kuukunja mzunguko mmoja juu, mmoja chini, ulale wenyewe. Kati ya saa tatu na saa nne usiku, ukumbi ukiwa mtupu na mpiga rithimu mwenyewe bado anakula, mbebaji hupewa nyimbo mbili. Wapiga gitaa wengi wa mji huu walianzia kwenye saa hiyo moja ambayo hakuna mteja anayesikiliza.

Wakubwa wa bendi humwanzisha kwenye gitaa la rithimu, linaloshikilia mwendo wa wimbo, na wana sababu. Solo likikosekana wimbo unapungua utamu, lakini rithimu likikosekana wachezaji wanasimama. Kwenye rumba mpiga rithimu hurudia mkong'oto wa mistari miwili kwa dakika tatu au nne bila kuugusa. Kosa la mwanafunzi ni kuchoka kabla ya wimbo kuchoka: anaongeza pambo, pambo linagongana na solo, na fundi mitambo anamshusha sauti. Kosa la pili huja sebene inapoingia, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea. Furaha inapanda, kasi inapanda nayo, na dakika tano baadaye mwimbaji hana pumzi. Kiongozi mzoefu humsimamia mpiga dramu hapo hapo, kwa kuitazama tu haieti yake, zile simbali mbili za kukanyagwa kwa mguu.

Kabla hajaitwa mpiga muziki anahitaji nyimbo kama 40 za kukopi kichwani, na katika kii zaidi ya moja, yaani sauti ya msingi ambayo wimbo unaegemea. Hapa ndipo bendi yenye mapulizo, yaani saksofoni na matarumbeta, inapomtenga anayejua na anayebahatisha. Wapiga gitaa hupenda G, D, A na E, kwa sababu nyuzi zilizo wazi zinawasaidia. Saksofoni ya alto imetengenezwa kwa E-flati na ya tenor kwa B-flati. Gitaa likipiga E, alto lazima apige C-shapu na tenor F-shapu, vidole vimejaa shapu sita au saba. Likipiga F, alto anapiga D na tenor G, kila mtu anacheka. Ugomvi mwingi wa mazoezini unaodhaniwa kuwa wa majivuno ni wa kii. Mpangaji mzuri wa muziki hukubaliana na mapulizo kwanza, kisha humwambia mpiga gitaa avumilie.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wa kwetu hasa. Baakisimba, ngoma ya Waganda, huenda kwa tatu-tatu. Mpiga dramu aliyekulia kwenye rumba huigawa kwa mbili-mbili, na wimbo unachechemea hata kama kila mtu yuko sahihi upande wake. Ukileta endingidi (zeze la waya mmoja) au madinda (marimba ya mbao) jukwaani, mizani ya Kiganda inagawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja kama senti 240 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya sauti), wakati hatua za kinanda zilizo karibu ni 200 au 300 tu. Ama sauti za ala ya asili zirekebishwe zifuate kinanda, ama kinanda kinyamaze ala ya asili inapopita. Njia ya katikati, yaani kuviacha vyote vilie kwa pamoja na kutegemea mwangwi ufiche, husikika kwenye rekodi nyingi, na haifichi kitu.

Sasa turudi kwenye umiliki. Miaka ya 1960, Mganda mwenye kipaji cha dansi aliitazama Nairobi, kwa kuwa studio zilikuwa kule. Charles Sonko wa Uganda aliimba Kiswahili ndani ya Equator Sound Band pamoja na Wakenya kama Fadhili William na Daudi Kabaka na Wazambia kama Nashil Pichen. Bendi hiyo ilikuwa ya kampuni ya rekodi: kampuni ndiyo iliyoiweka studioni, na jina la bendi lilikuwa jina la kampuni. Mpango huo ulizaa nyimbo zinazochezwa hadi leo. Ulizaa pia tabia, kwamba mpiga muziki ni mtu anayekuja na vidole vyake na kuvikuta vyombo vya mwingine.

Nyumbani hali ilikazwa na siasa. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, maduka yalibadili mikono, fedha za kigeni zikaadimika, na seti ya nyuzi ikawa kitu cha kuagiza kwa mtu anayesafiri. Waliobaki na vyombo vya uhakika walikuwa wenye kumbi, jeshi, polisi na magereza. Ni katika kipindi hicho kigumu, mwaka 1975, Moses Matovu na wenzake waliotoka Cranes Band walipoanzisha Afrigo. Bendi hiyo ilitimiza miaka 50 mwaka 2025, naye Matovu, aliyezaliwa 1949, amevuka 70 akiwa bado anashika saksofoni. Kuna waimbaji waliojenga majina makubwa ndani yake, Joanita Kawalya kwa mfano, na Rachael Magoola aliyeimba "Obangaina" kwa Lusoga na baadaye akawa mbunge mwaka 2021. Wapo walioingia na kutoka. Lakini bendi yenyewe haikuwa mali ya koo la mwimbaji mmoja, na hilo ndilo la kuangalia: nyimbo zilipata mahali pa kukaa ambapo mtu akiondoka hazihami naye.

Wengine wanasema sababu ya Afrigo kudumu ni nidhamu. Sikatai. Ila nidhamu bila hesabu haizidi miaka mitano, kwa hiyo tufanye hesabu ya mfano.

Chukua ukumbi wenye watu 200, kiingilio shilingi 20,000. Mlangoni zinapatikana 4,000,000. Ukumbi unachukua asilimia 20, yaani 800,000. Usafiri, mafuta ya jenereta na chakula cha usiku, 500,000. Zinabaki 2,700,000 na bendi ina watu kumi. Ikigawa kwa mafungu, wapiga muziki tisa wanachukua fungu moja moja, kiongozi moja na nusu, vyombo mawili, mfuko wa dharura moja. Jumla mafungu 13 na nusu, kila fungu 200,000. Mpiga besi anaenda nyumbani na laki mbili, na vyombo "vinalipwa" laki nne.

Weka vyombo hivyo hivyo mikononi mwa tajiri anayetaka nusu kabla ya mgao. Yeye anachukua 1,350,000. Inayobaki inagawanywa kwa mafungu kumi na nusu, na mpiga besi anapata chini kidogo ya 129,000. Mfuko wa dharura haupo tena, kwa sababu hakuna mtu atakayekubali ukatwe kwenye kiasi hicho. Tofauti ni kama 71,000 kwa usiku mmoja. Kwa usiku nane kwa mwezi ni zaidi ya nusu milioni, na huyo ni mtu mmoja tu.

Tusimwonee mwenye vyombo. Ndiye anayepoteza spika zikichomwa na jenereta, ndiye anayelipa wiki ambayo mvua imemaliza wateja, na bila watu kama yeye bendi nyingi zisingepiga hata usiku mmoja. Lawama yangu kwake ni moja. Akisharudisha gharama ya vyombo vya milioni 30, mkataba haubadiliki. Anaendelea kuchukua nusu mwaka wa saba kama alivyochukua mwezi wa kwanza, wakati dramu zimeshatobolewa na kutiwa viraka. Mkataba wa haki ungekuwa na tarehe ya mwisho: akishapata gharama yake na faida mliyokubaliana, sehemu yake inashuka, au vyombo vinaanza kuwa vya bendi kidogo kidogo.

Bendi inayotaka kununua vyake ifuate mpangilio, maana wengi huanza na spika kubwa kwa sababu zinaonekana. Spika ndizo za mwisho. Zinakodishwa kila mtaa, zinahitaji lori, zinahitaji chumba cha kulala. Kwanza kila mtu awe na ala yake ya mkononi: gitaa, saksofoni, mdomo wa tarumbeta, simbali. Pili, maikrofoni na meza ya kuchanganyia sauti, kwani maikrofoni za kukodi huja na mate na harufu ya watu wengine na waya uliokwisha. Tatu, ampu (vikuza sauti) za gitaa na besi. Na kabla ya zote, kistabilishaji cha umeme.

Kwenye umeme ndiko pesa nyingi za bendi zinakopotelea. Jenereta iachwe ingurume dakika chache kabla ya kupewa mzigo, na isipewe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Washa kistabilishaji, halafu vinanda na meza ya sauti, na ampu za nguvu ziwe za mwisho. Kuzima ni kinyume, ampu kwanza. Mtu akianza na ampu, kila kitufe kinachofuata kinapiga kishindo kwenye spika, na twita, spika ndogo za sauti za juu, haziponi vishindo vingi. Mafuta yakikaribia kwisha, nguvu inapanda na kushuka, na dalili ya kwanza ni kinanda kuzimika na kujiwasha upya katikati ya wimbo. Usimlaumu mpiga kinanda. Tuma mtu kwenye tangi.

Kisha daftari. Kila chombo kiandikwe: jina, namba ya kiwandani, siku kiliponunuliwa, bei, na nani walichangia. Andika pia anayeondoka atapewa nini. Njia rahisi ni kupunguza thamani kwa asilimia 20 ya kilichobaki kila mwaka. Ampu ya 4,000,000 inakuwa 3,200,000 baada ya mwaka mmoja, 2,560,000 baada ya miwili, 2,048,000 baada ya mitatu. Mmoja wa kumi akiondoka hapo haki yake ni 204,800, alipwe kwa awamu tatu ili bendi isilazimike kuuza ampu kumlipa. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kimezuia ngumi, kwa sababu anayeondoka bila chochote ndiye anayerudi usiku na pikapu.

Nyimbo nazo ni vyombo, na hapa tumezembea zaidi. Enzi za kaseti mtunzi aliuza wimbo moja kwa moja kwa msambazaji, akachukua fedha mara moja, akasahaulika. Mtindo wa kuimba juu ya CD ulipoenea, mwimbaji aligundua kwamba anaweza kwenda Masaka na begi moja badala ya watu kumi, na wale tisa wakabaki mjini huku mkong'oto walioubuni ukilia kwenye spika za ukumbi. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na inamtambua pia mpigaji, si mtunzi peke yake. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuandikwa popote. Aliyebuni mwito wa mapulizo ambao umma mzima unaufahamu kuliko maneno yenyewe, mara nyingi jina lake halipo.

Dawa ni karatasi moja siku ya kurekodi, kabla ya kupiga na si baada ya wimbo kushika. Jina la wimbo, tarehe, nani kaandika maneno, nani katunga sauti, nani kapanga mapulizo na magitaa, kila mmoja na asilimia yake, jumla iwe 100. Aliyekuja kwa malipo ya siku aandikiwe kiasi na atie sahihi kwamba ni malipo ya siku. Nakala moja ikae kwa kiongozi, nyingine kwa kila aliyetajwa, halafu wimbo usajiliwe Ofisi ya Usajili ya Uganda na upelekwe UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya muziki. Watu huogopa karatasi hiyo kwa sababu inaonekana kama kutoaminiana. Kumbe ni rahisi kugawana asilimia za wimbo ambao bado haujaleta hata senti.

Uthibitisho wa haya yote ulikuja Machi 2020. Baa na klabu zilifungwa kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Aliyekuwa na gitaa na ampu yake alipiga kwenye harusi ndogo za uani na maziko, alifundisha watoto wa jirani, alirekodi nyumbani. Aliyezoea vyombo vya ukumbi hakuwa na cha kufanyia hata mazoezi, na kidole cha gitaa kikikaa miezi sita ngozi yake inalainika, kinaanza upya kama cha mwanafunzi. Mwenye ukumbi naye aliuza vyombo ili alipe kodi. Kumbi zilipofunguliwa, wengine walirudi na kumkuta DJ amekaa walipokuwa wakisimama.

Kundi moja halikutikisika: wenye sare. Mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi au magereza hamiliki hata mdomo wa tarumbeta, ila ana mshahara na pensheni. Yeye ndiye anayeonyesha mizani ilivyo. Kama vyombo ni vya mwingine, basi huyo mwingine akulipe uzeeni. Kama hakulipi uzeeni, vyombo viwe vyako. Wa klabu kakosa vyote viwili. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, irekebishwe mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata akiwa na wafanyakazi chini ya watano: asilimia 10 kwake na 5 kwa mfanyakazi. Asiye na mwajiri anaruhusiwa kuweka mwenyewe kwa hiari. Bendi iliyosajiliwa inaweza kukata mchango huo kwenye mgao kabla fedha hazijafika mfukoni, na kwa kazi inayolipa saa tisa usiku, kabla ndiyo saa pekee inayofaa.

Mwili nao una daftari lake. Kelele za decibeli 85 sikio huzivumilia saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwenye 100, ambayo jukwaa la klabu hufika bila shida, ni robo saa tu. Mpiga dramu mara nyingi hupoteza sikio la upande wa haieti kwanza, na dalili ni kuomba spika ya miguuni iongezwe kila wiki. Plagi za masikio huuzwa kwa bei ndogo kuliko seti ya nyuzi, lakini vijana huzikataa wakisema zinaua ladha. Wapulizaji wana meno: jino la mbele likitoka, mdomo wa saksofoni hauna pa kuegemea, sauti za juu zinakwenda kwanza. Wanaojua hushuka kutoka mwanzi (kile kipande kinachotetemeka mdomoni) namba tatu hadi mbili na nusu, ulio laini zaidi, kabla midomo haijagoma, na hubadilisha mianzi mitatu au minne kwa zamu ili hakuna unaolowa kila usiku.

Mwimbaji akifika 60, kii zinashuka. Njia ya kawaida ni magitaa yote kulegezwa nusu sauti. Hapo hutokea jambo ambalo mapulizo hulingojea maisha yao yote: wimbo wa E unakuwa E-flati, alto anapiga C tupu, tenor anapiga F. Wa A unakuwa A-flati, alto F, tenor B-flati. Wazee wa mapulizo wanarudi ujana usiku mmoja. Wapiga gitaa ndio wanaolipa, maana nyuzi za namba kumi (namba ni unene) zikilegezwa hupigapiga kwenye vile vyuma vya shingo ya gitaa. Zinatakiwa za kumi na moja, mikato ya mfupa wa juu, unapopita nyuzi kichwani mwa gitaa, ipanuliwe kidogo kwa tupa, na shingo ikazwe robo mzunguko. Kazi ya nusu saa, ukiwa na gitaa lako. Gitaa la kukodi unalikuta na nyuzi za namba tisa alizoziacha kijana wa jana, mfupa haugusiki, na saa tatu wimbo wa kwanza unaanza.